Ukuta Kati ya Choo na Bafu

Baba mkwe wangu alikuwa hanywi maji mchana. Asubuhi namjazia jagi, naliweka mezani kwake na glasi pembeni, jioni nalikuta limejaa vilevile. Mwanzoni nikadhani ananisusia. Mie nina hasira za karibu, Kimara nzima wanajua, na kususiwa ndiyo kitu nisichokiweza kabisa. Nikawa namwaga yale maji uani kwa nguvu ili asikie.

Jina lake silitaji. Nitaeleza kwa nini, ila kwa sasa muiteni Babu Clara kama ninavyomwita mie. Clara ni binti yangu. Mzee ni mtu wa Ndanda, kusini huko, mchonga vinyago. Amechonga pale Mwenge mpaka mwaka jana kiharusi kilipomkamata upande wa kushoto. Mkewe, Mama Eufrazia, alikuwa ameshatangulia. Nyumbani tumebaki wanne: yeye, mume wangu Erasmus, Clara na mie. Erasmus anapika kwenye hoteli moja kule Kunduchi, anatoka alfajiri, anarudi jioni. Clara anakwenda shule. Mchana tunabaki wawili, mzee chumbani kwake na mie barazani na cherehani yangu.

Basi mzee akaanza kuumwa. Homa, maumivu chini ya kitovu. Daktari akasema ni njia ya mkojo, akampa dawa, akasisitiza anywe maji mengi. Tukarudi nyumbani, na jagi likaendelea kubaki limejaa. Ndipo Erasmus alipokaa na baba yake akamuuliza, mie niko koridoni nasikiliza.

"Nikinywa nitataka kwenda," mzee akasema. "Nikitaka kwenda, nani anishike? Mkeo?"

Nilisimama pale na ndoo mkononi, hasira yote ikaniisha. Kumbe mzee wa watu alikuwa anashinda na kiu, na joto hili la Dar, ili tu mkwewe asimshike. Niliona aibu na huruma kwa pamoja, na sikujua niiweke wapi ile ndoo.

Choo chenyewe kiko hivi. Nyumba ameijenga yeye. Mwisho wa korido kuna milango miwili midogo, mmoja wa choo na mmoja wa bafu, na katikati yake ukuta wa tofali. Ukisimama ndani ukanyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Choo ni cha kuchuchumaa, na mzee kuchuchumaa hawezi tena, kwa hiyo Erasmus alichukua kiti cha plastiki akakitoboa katikati, akakiweka juu ya tundu. Mzee anatembelea fremu ya chuma yenye miguu minne, na fremu haipiti mlangoni. Lazima aiache nje, na kuanzia hapo mpaka kwenye kiti lazima ashikwe na mtu. Mtu huyo akiwa mwanawe, sawa. Akiwa mke wa mwanawe, ndiyo hiyo kiu.

Erasmus akamwita fundi Marijani, aliyekuwa anajenga mtaa wa pili. Akaja na futi yake, akapima, akagongagonga ukuta. Akasema kazi si kubwa: ukuta unatolewa, milango miwili inakuwa mmoja mpana, choo cha kukaa kinawekwa huku, bomba la kuogea kule, na vyuma vya kushikia vinafungwa ukutani. Mzee anaingia na fremu yake mpaka ndani bila kumwita mtu. Mie moyoni nilishaanza kuchagua rangi ya vigae.

"Hapana," mzee akasema.

Akamweleza Marijani habari za Tandika, walipokuwa wamepanga ujanani. Nyumba imejaa wapangaji, choo kimoja na bafu humohumo. Mtu akiingia kuoga, waliobaki wanasimama nje. Siku moja Mama Eufrazia, ana mimba ya Marietha, dada yake Erasmus, alisimama mlangoni pale anagonga huku analia, na aliyekuwa ndani anajimwagia maji na kuimba. Siku hiyo mzee alimwahidi mkewe kwamba akijenga, nyumba yake itakuwa na milango miwili.

"Nilimwahidi," akasema. "Sasa kwa kuwa hayupo, ndiyo nivunje?"

Marijani akakunja futi yake, akaaga. Erasmus akaniambia nyumba ni ya mzee, tusimlazimishe. Nikamwambia mzee atatufia kwa figo huku tunamheshimu. Mume wangu ni mtu mzuri sana, lakini ukimtuma kwa baba yake na maneno makali, anayachuja njiani, yanafika kule mepesi kama tui la mwisho.

Mtaniuliza, wewe mwenye mdomo, kwa nini usiende mwenyewe? Hapo ndipo kwenye ishu. Mie ni Mnyakyusa wa Tukuyu, nimelelewa na bibi yangu. Kwetu mke hamwangalii baba wa mumewe usoni, hamsemeshi, hata jina lake halitamki. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anajipitisha pembeni. Siku hizi wengi wameacha. Dada zangu wa tumbo moja wanakaa na wakwe zao sebuleni wanaangalia tamthilia, na mie wananicheka. Nimejaribu. Mwili wenyewe unakataa. Mie ninayebishana na kila mteja anayeleta kitambaa kifupi na kutaka gauni refu, nikifika mbele ya mzee yule nainamisha kichwa, naweka sahani, natoka. Tangu niolewe alikuwa hajawahi kusikia sauti yangu ikimwelekea yeye.

Asubuhi moja niko bafuni nafua. Nikasikia fremu inakuja koridoni, ikasimama nje ya mlango wa choo. Nikajua leo anajaribu peke yake. Akaingia akishikashika ukuta, nikasikia kiti kinalia alipokaa. Nikashusha pumzi. Ule ukuta haufiki juu, aliacha uwazi ili hewa ipite, kwa hiyo kila kitu kinasikika. Nikaendelea kufua polepole nisimwaibishe.

Muda ukapita. Kiti kikakwaruza sakafuni. Kimya. Kikakwaruza tena, halafu nikamsikia anahema kwa nguvu. Alikuwa ameshindwa kunyanyuka.

Nikaacha nguo kwenye beseni, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi. Nikiingia, nimemkuta mkwe wangu suruali iko magotini. Nisipoingia, anaweza kuanguka kichwa kikagonga sakafu. Nikaegemea ule ukuta, mikono imejaa povu la sabuni, na kilichonitoka mdomoni, sijui hata kilitokea wapi, kilikuwa salamu.

"Shikamoo, Baba."

Upande wa pili kiti kikatulia.

"Marahaba," akasema. Halafu, "Usije huku."

"Siji, Baba."

"Kumbe unaongea."

"Naongea sana. Waulize majirani."

Nikamsikia anaguna, kama mtu anayezuia kicheko. Akauliza, basi kwa nini yeye simsemeshi. Nikamweleza yote, habari za bibi, habari za kwetu, kwamba ni heshima, na kwamba hata sasa nimeweza kwa sababu tu simwoni.

"Mie nilidhani unanionea kinyaa," akasema. "Tangu niugue. Unaweka chakula, unakimbia."

Hapo machozi yakanitoka, na hasira nayo ikaja juu. Nikamwambia ningekuwa na kinyaa nisingekuwa namfulia mashuka. Nikamwambia na mie nilidhani ananisusia maji yangu. "Unajiua kwa kiu kwa ajili yangu, Baba. Ukifa, mie nitaishije na jambo hilo?"

"Ni ahadi ya mama yenu."

"Mama alitaka milango miwili ili asisimame nje amebanwa, anamsubiri mtu. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa kwenye nyumba hii nani anasubiri amebanwa? Wewe ndiye unayesubiri, kutwa nzima, mpaka Erasmus atoke Kunduchi."

Nikaogopa kwamba nimevuka mpaka, kwamba jioni Erasmus ataitwa aambiwe mkewe hana adabu. Nikabaki nimebana ukuta na bega langu, nasikiliza pumzi zake.

"Na Krismasi wakija watoto wote?" akauliza mwishowe, sauti imeshuka.

"Watapanga foleni. Marietha tutamweka wa mwisho, maana akiingia kuoga mpaka watu wasahau."

Akacheka. Kicheko chenyewe, cha kifuani, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu augue.

"Nenda kamwite yule fundi aje aninyanyue," akasema. "Miguu imekufa ganzi."

Nilikimbia mpaka mtaa wa pili na kanga imelowa. Marijani akaja, akaingia chooni, mie nikabaki uani nimeipa nyumba mgongo. Nikamsikia mzee anamwambia kesho aje na nyundo.

"Ya nini tena, Mzee wangu?"

"Ya huu ukuta. Mwenye nyumba ameshaamua."

Marijani akatoka nje ananiangalia, anataka kujua mwenye nyumba ni nani. Nikajifanya naanika nguo.

Siku za ujenzi Erasmus alimpeleka mzee kwa Marietha kule Kawe. Ukuta ulipoanguka, vumbi likajaa mpaka jikoni, na lilipotulia mwanga wa dirisha la bafu ukafika mpaka pale choo kilipokuwa. Palikuwa pazuri, lakini niliuonea huruma ule ukuta. Ndio ulionipa ulimi. Nikawaza mzee akirudi nitarudi kuwa bubu, na kwa kweli niliumia.

Kesho yake simu yangu ikaita. Ni mzee.

"Simu nayo huoni uso wa mtu," akasema, kabla hata sijamwamkia. "Au kwenu mmekataza?"

Nikasema bibi hakuwahi kusema lolote kuhusu simu. Akaniambia hajapiga kwa soga, anataka kujua vile vyuma Marijani anavifunga kimo gani. Marijani ni mrefu, atavifunga kwa kiuno chake.

"Kiuno chako nakijua, Baba," nikamwambia. "Suruali zako nani anazishona?"

Ni kweli. Kumwangalia simwangalii, lakini suruali kuukuu naipima na tepu, kiunoni, mguuni, pindo. Nikaenda na suruali yake mkononi, nikaisimamisha ukutani mbele ya Marijani, nikamwekea alama ya chaki. Akafunga chuma pale pale.

Tangu hapo akawa anapiga kila siku. Akanieleza namna mpingo unavyopasuka ukiufanyia haraka. Mie nikamweleza baridi ya Tukuyu, akabisha kwamba hakuna baridi ya kumfanya mtu alale na soksi mbili. Tulibishana mpaka salio likaisha. Erasmus alipouliza naongea na nani kwa sauti ile, nikamwambia na baba yako, akakaa kitini.

Mzee alirudishwa asubuhi, Erasmus akamshusha na kukimbilia kazini. Mie nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Nilimsikia akienda mwisho wa korido na fremu yake, akasimama. Akasimama kweli. Nilidhani analia, au anamwambia Mama Eufrazia jambo, sikuuliza na sitauliza. Kisha akarudi chumbani kwake.

Niliweka jagi lake mezani kama kawaida, kichwa chini, nikatoka. Adhuhuri nilipompelekea chakula, lilikuwa limefika nusu.

Haikuchukua muda, fremu ikatoka. Niliacha mteja wangu barazani na kitambaa chake. Nilipochungulia koridoni, mzee alikuwa anaingia, yeye na fremu yake, mlango ukafungwa, na komeo likasukumwa kwa ndani. Nikanyata mpaka pale, nikaweka sikio mlangoni. Kama angeanguka, nilishaamua, ningevunja huo mlango na mila yote na bibi yangu anisamehe.

"Bupe," akaita kutoka ndani. Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu.

"Abee, Baba."

"Rudi kwenye cherehani yako, mwanangu. Mtu hawezi kufanya shughuli yake huku anasikilizwa."

Nikarudi barazani. Mteja akaniuliza kuna nini huko ndani, mbona nacheka na machozi yananitoka. Nikamwambia baba yangu yuko chooni, na nikaomba anipe hicho kitambaa nimpime.