Rangi Iliyozuia Umeme

Kombo bin Mwinyihaji alipata ufundi katika vita vya Waingereza na Wajerumani. Jeshi lilipokuwa likipeleka malori kutoka Voi kwenda Taveta, kazi yake ilikuwa kuyajaza maji. Lakini alikuwa mtu wa kuuliza, na vita vilipokwisha alikuwa tayari anaijua injini ndani na nje. Kufikia mwaka wa 1927 alikuwa na karakana ya mabati karibu na stesheni ya Voi, akitengeneza malori ya shamba moja la mkonge kule Mwatate.

Lori kubwa kuliko yote liliendeshwa na Obadiah, Mdawida wa milima ya Taita asiye na maneno mengi. Lilikuwa na stata ya umeme ya kuwashia injini, kitu kigeni siku hizo. Ghafla likaanza kusumbua: ukibonyeza stata inaguna kidogo, kisha kimya, na taa zinafifia. Meneja wa shamba akasema betri imekufa. Ikaletwa mpya kutoka Mombasa. Siku ya tatu mambo yakawa yale yale. Basi akasema dereva ndiye anayeacha taa zikiwaka. Obadiah hakubisha. Akawa anawasha kwa kuizungusha injini kwa hendeli ya mkono, na asubuhi moja hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu ikamvunja mkono.

Adhuhuri ya siku ile lori lilivutwa mpaka kwa Kombo. Alichukua globu ndogo yenye nyaya mbili, akazigusisha kwenye vichwa vya betri. Globu ikawaka vizuri. Betri ilikuwa nzima. Kisha waya mmoja akauacha kwenye kichwa kile kilichounganishwa na fremu ya lori kwa waya mnene, wa pili akaugusisha kwenye chuma cha injini, akamwambia Hudson, mwenzake wa karakana, abonyeze stata. Kama umeme ungekuwa unapita vizuri kwenye fremu, hapo globu haikupaswa kuwaka hata chembe.

Ikawaka.

"Umeme unazuiwa hapa," alisema Kombo. "Haupati njia ya kurudi kwenye betri."

Akafungua nati iliyoshika ule waya mnene kwenye fremu. Chini yake palikuwa na rangi nyeusi, nzito. Rangi ile aliipaka yeye mwenyewe mwezi uliopita, kuzuia kutu, akaufunga waya juu yake bila kufikiri.

Hudson naye aliiona. "Kwangua tu, fundi. Nani atajua?"

Kombo alikwangua mpaka chuma kikang'aa, akafunga. Stata ikazungusha injini mara moja. Akaliendesha lori mwenyewe mpaka Mwatate, akamkuta Obadiah ameketi nje, mkono umefungwa vijiti, mkewe Dinah akimlisha uji.

"Betri haikuwa na kosa," Kombo alisema, "wala wewe. Kosa ni langu. Nilipaka rangi mahali pa waya."

Dinah akaweka bakuli chini. "Kwa hiyo ni wewe uliyemvunja mkono."

"Ni mimi, shemeji."

Obadiah aliuliza, "Ulijua?"

"La, wallahi. Nimejua leo."

"Basi kamwambie meneja vivyo hivyo."

Alienda. Meneja alifoka sana, lakini fundi mwingine angempata wapi? Kwa wiki saba Kombo aliendesha lori lile yeye mwenyewe, akiishika nafasi ya Obadiah isije ikapewa mtu mwingine, huku Hudson akibaki na karakana. Obadiah alirudi kazini na mkono uliopinda kidogo, akiongea na Kombo kama zamani. Dinah ndiye aliyechukua mwaka mzima kabla ya kumkaribisha chai.