Mkanda Aliocheza Wifi

Mimi ndiye niliyemfundisha wifi kushika pedi ya gemu. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wa nyumbani kwetu Same walilisahau mapema mno.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na duka la redio karibu na stendi. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni ya kipande tuliona maajabu nchi ilipofungua milango ya biashara. Mara dukani pasi za umeme, mara deki za video, na siku moja likaja boksi la gemu la kuchomeka kwenye tivii. Hakuna aliyejua linatumikaje. Nilikaa nalo wiki nzima mpaka nikaweza kukirusha kile kijitu cha ndani juu ya mashimo na kukipandisha ngazi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne bila matokeo ya kumwonyesha mtu, na sasa nilikuwa na kitu ninachokiweza kuliko wote.

Ndipo kaka akaoa. Wifi alitokea Bendera, binti wa watu waliokuja zamani kukata mkonge, mpole, mwenye vidole virefu ambavyo sikuvipenda tangu siku ya kwanza. Shangazi akamweka dukani tusaidiane. Nilimfundisha gemu kwa majivuno, nikimcheka kila kijitu kilipotumbukia shimoni. Baada ya wiki mbili kikawa hakitumbukii tena, na mimi nikaacha kucheka.

Nilimwonea wivu, sitafuti neno zuri zaidi. Nilimwonea wivu kwa mikono yake, kwa shangazi kumwita "mwanangu", hata kwa makande yake ambayo kaka aliyasifu mbele ya mama bila haya.

Wakati huo shangazi alitaka kufungua kibanda kwenye gulio la Lembeni, na msimamizi awe mmoja wetu wawili. Nilikitaka kibanda kile mpaka nikakiota. Nitoke chini ya macho ya mama, niwe na ufunguo wangu na mlango wangu. Lakini watu wa gulioni wangenunuaje kitu wasichokijua? Kuwaachia pedi wajaribu shangazi hakutaka, alijua zingerudi zimevunjika. Akaamua turekodi mchezo kwenye mkanda, tukauonyeshe kule kwa jenereta.

"Mke wa kaka yako acheze," aliniambia. "Wewe utabonyeza deki. Watu wakiupenda, yeye ndiye atakwenda Lembeni, maana watamtaka huyo huyo waliyemwona."

Nikabonyeza. Wifi alicheza karibu nusu saa, akamaliza hatua ya nne, kisha akageuka.

"Wifi, imeingia yote?"

"Imeingia," nikasema. Na kweli ilikuwa imeingia yote, safi kabisa.

Ijumaa iliyofuata shangazi alikwenda msikitini, wifi akampelekea kaka chakula, nami nikabaki peke yangu na umeme haujakatika. Niliurudisha mkanda mwanzo, nikarekodi mchezo wangu juu ya wake. Sijawahi kucheza vile kabla wala baada. Nilifika hatua ya tano. Na kwenye kila ngazi nilirudi nyuma kuokota tunda jekundu linaloachwa kwenye kona, tunda lisilo na faida yoyote, ila mimi sikuweza kulipita. Wifi hakulirudia hata siku moja, yeye alikwenda mbele tu. Mpango wangu ulikuwa huu: watu wakishaduwaa, nitasema anayecheza ni mimi.

Siku ya gulio tuliiweka tivii barazani kwa mtu, jenereta likaunguruma, watu wakajaa na vikapu vyao. Shangazi akamshika wifi bega.

"Anayecheza humu ni huyu mkwe wangu. Na ndiye mtakayemkuta hapa kibandani."

Mkanda ukaanza. Sikuwa nimefikiria kwamba kioo hakionyeshi mikono ya mtu. Kumwambia shangazi kwamba mchezo ule ni wangu kulikuwa ni kusema mbele ya gulio zima kwamba nimemfutia bi harusi kazi yake. Kijitu kikaruka, kikapanda, kisha kikarudi nyuma kuokota tunda la kwanza. Wifi akageuka kunitazama. Mimi nikalitazama jenereta.

Mzee mmoja muuza vitunguu akatikisa kichwa. "Binti huyu haachi kitu nyuma."

"Asante, babu," wifi akajibu, kwa upole wake ule ule.

Tukirudi Same, shangazi alikaa mbele na dereva wa pikapu, sisi wawili nyuma juu ya magunia.

"Mchezo wangu umeuweka wapi?" wifi aliniuliza.

"Nimeufuta."

"Basi mwambie shangazi kwamba ule ni wako. Mimi sitakukatalia."

Njia nzima niliyapanga maneno hayo, na tukaingia Same sijayatoa. Wifi akashuka, akakung'uta khanga yake. "Haya wifi, nakushukuru. Umenipa Lembeni." Akacheka, nami nikabeba tivii ndani.

Miezi michache baadaye nilitumwa kumpelekea mzigo. Kibandani palikuwa pamejaa, naye ameshika pedi, anawachezea wateja mwenyewe. Nilingoja aanguke. Alipofika kwenye ngazi alisimama, akarudi nyuma, akaliokota tunda kwa mruko mmoja. Mimi sikuzote nilihitaji miwili.

"Siku hizi unarudi," nilimwambia.

"Nifanyeje, wifi? Waliouona mkanda wanalidai."

Mteja mmoja akaniuliza kama nami najua gemu. Nikasema najua kidogo. Wifi hakugeuka, alikuwa ngazi ya pili, anarudi nyuma tena. Hata hilo nilimfundisha mimi.