Kurudisha Riale ya Bi Zuhura

Nilitoka kwangu Magongo kwa sababu ya kitu kisichokuwa changu. Mke wangu, Dama, alifariki wakati wa mvua za masika, mwaka uliofuata ule wa kwisha vita vya pili. Siku mbili kabla aliniambia, "Ile riale yenye kishikizo cha mkufu ni ya Bi Zuhura wa Likoni. Aliniazima niitazame. Irudishe." Nikamwambia nitairudisha.

Dama alikuwa akisuka vikapu na kuvitembeza majumbani, kwetu Changamwe na ng'ambo ya Likoni. Wanawake wengi walikuwa bado na sarafu za fedha za zamani, ambazo maduka yalizikataa tangu ilipokuja shilingi. Wengine walizipeleka kwa sonara ziyeyushwe ziwe bangili. Dama alitoa kikapu, akapokea sarafu ambayo sura iliyochorwa ilikuwa bado nzima. Jioni alizipanga juu ya mkeka, akawatazama wafalme na malkia wake mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nikila chakula changu. Sikuwahi kumwuliza anatazama nini.

Kwetu chombo cha kuazima hakirudi kichafu. Ukiazima sufuria, huirudisha imesuguliwa mpaka mwenyewe ajione uso ndani yake. Na kazi yangu mimi ni kukwangua kutu na kupaka rangi mabehewa ya reli. Basi matanga yalipoanuliwa na watu wakatawanyika, niliitoa ile riale. Ilikuwa nyeusi kama chini ya chungu. Nikaisugua kwa majivu, ndimu na makumbi ya nazi, na weusi ulipokataa kutoka nikaongeza mchanga. Nilisugua jioni mbili. Iliipa mikono yangu kitu cha kufanya. Ilipong'aa nilifurahi, na ilikuwa furaha yangu ya kwanza tangu mazishi.

Jumamosi alfajiri niliifunga kwenye leso pamoja na sarafu nyingine za Dama, maana nilitaka kumwuliza Bi Zuhura hao wafalme ni akina nani. Nikatembea mpaka Changamwe, nikapanda basi. Nilikaa dirishani na kuacha nafasi kando yangu bila kukusudia. Mtu mmoja mwenye kuku akaniuliza, "Hapa pana mwenyewe?" Nikasema hapana. Akakaa.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kisiwani. Kishikizo cha riale kilikuwa kimelegea kwa kusuguliwa, nikaingia kwa sonara mmoja wa Kihindi akikaze. Alivaa miwani, akaigeuzageuza, kisha akaiweka chini polepole.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Ulikuwa na ugomvi naye, huyu mama?"

Akanionyesha kwa ncha ya koleo. Nywele za malkia zilikuwa na mikwaruzo, na kipambo chake cha lulu begani kilikuwa kimebaki alama tu. "Huyu ni malkia wa Nemsi, huko Ulaya," akasema. "Amekufa zamani sana, mwaka huu hapa ulioandikwa. Watu wakaendelea kupiga riale kwa sura yake na mwaka uleule, kwa sababu huku kwetu na Bara Arabu na Uhabeshi walikuwa hawataki nyingine. Mfanyabiashara alihesabu lulu zake kwanza, ndipo akaipokea. Sasa huyu wako atahesabiwa nini?"

Nikamweleza kwamba si wangu, nampeleka kwa mwenyewe, Likoni.

"Mzee?"

"Bibi mtu mzima."

Akainama karibu. "Niachie mpaka adhuhuri. Nina dawa, nitaitia weusi. Kwa umri huo haoni vizuri, huyo bibi. Hatajua."

Nilikaa kwenye kibao chake cha wateja nikifikiri, na nilifikiri kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Sikumwogopa Bi Zuhura. Niliona aibu kwamba jambo la mwisho ambalo Dama alinituma nimeliharibu. Mwishowe nikasema akaze kishikizo tu.

"Shauri yako," akasema. "Basi ukifika, usikae karibu na mlango wa jikoni. Bibi wa Likoni akikasirika hutupa kilicho karibu."

Saa nne nilivuka kwa feri. Dama alikuwa na mahali pake pale, upande wa kulia karibu na kamba, kwa sababu ya vikapu. Mwuza njugu mmoja aliyetufahamu akaniuliza, "Mke wako yuko wapi siku hizi? Hatumwoni." Nikamwambia. Akaacha kumenya njugu. "Pole, ndugu yangu. Alikuwa akinipigia kelele nisimwage maganda." Akanipa njugu za bure, nikazitia mfukoni, sikuzila.

Kutoka ng'ambo nilitembea njia ya mchanga kama nusu saa, nikiuliza. Nyumba ya Bi Zuhura ni ya mawe, baraza yake imevunjika pembeni. Nikapiga hodi.

"Hodi ya nani?"

"Mume wa Dama wa Magongo. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo ndani, keti. Yuko wapi mwenyewe, au kachoka na mimi? Vikapu vyangu vyatoboka."

Habari hazikuwa zimemfikia. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Alijifunika uso kwa ushungi wake, akasema, "Inna lillahi." Kisha akaniletea kahawa mwenyewe.

Nikaona nisipotoa ile riale upesi nitashindwa. Nikaiweka mkononi mwake. "Nimekurudishia amana yako, bibi. Nimeiharibu. Niliisugua kwa mchanga, nikidhani naisafisha."

Hakuisogeza karibu na macho. Aliipapasa kwa kidole gumba, kisha akainusa.

"Umeiosha," akasema.

"Ndiyo."

"Mamangu aliivaa shingoni miaka yote. Mafuta yake, na udi wake, na jasho lake. Mimi sikuwahi kuipangusa hata kwa nguo. Nikitaka kumkumbuka huishika hivi. Na wewe umeiosha, kama sinia ya pilau!"

Nikafungua leso, nikamwambia achague yoyote, au zote. Akazichukua moja moja, macho karibu kabisa, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele.

"Huyu ni Mdachi na kofia yake ya ndege. Simtaki. Huyu mfalme Mwingereza alikwenda kupigwa sura bila taji, kipara waziwazi, hakuona haya. Huyu mwanawe ndiye wa nguruwe."

"Nguruwe?"

"Tazama joho lake. Walichora ndovu, wallahi, lakini walimchora vibaya, kila mtu akaona nguruwe. Watu wakazikataa. Wataka nivae hii shingoni niende nayo maulidini?" Kidogo acheke, akajizuia. Akainua moja iliyoandikwa maandishi matupu. "Hii ya Sultani wa Unguja. Huyu ana adabu, hakutoa uso." Akazirudisha zote kwenye leso. "Mkeo aliipenda ipi?"

Nilitaka kusema yoyote. "Sijui, bibi."

"Hujui?"

"Sikumwuliza."

Akanitazama kama alivyozitazama sarafu. "Alipenda hii yangu. Ndiyo maana nikamwazima. Alisema, 'Bi Zuhura, huyu mama amefiwa.' Nikamwuliza wajuaje? Akanionyesha mtandio kichwani. Malkia wengine wana taji, huyu ana mtandio wa mjane. Akasema, 'Kafiwa na mumewe, na bado atazamwa na watu masokoni kila siku. Lazima amechoka.' Hivyo ndivyo alivyosema Dama."

Nikainamisha kichwa. Maneno ya mke wangu nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza, katika nyumba ya mtu mwingine.

Nilipoinuka kuaga nikamwomba radhi tena.

"Fedha itarudi kuwa nyeusi," akasema. "Lakini haitakuwa nyeusi ya mamangu. Nimekusamehe kwa mdomo. Moyo utafuata, inshallah. Wewe nenda na hizo zako, na usizisugue."

Saa kumi na moja jioni nilifika Magongo. Katika safari ile nilijifunza kwamba uchafu mwingine ndio mtu mwenyewe aliyebaki, na kwamba nilikaa na Dama miaka mingi nikiona mikono yake tu. Sikupata muda wa kulifikiri zaidi, kwa sababu uani palikuwa na watu. Dada yake Dama, Kadzo, alikuwa amekuja na majirani wawili kufua nguo za marehemu zipate kugawiwa, kama ilivyo desturi. Beseni zilijaa povu, na kamba ya kuanikia ilikuwa imejaa.

"Hiyo kanga ya maua mekundu iache," nikasema.

"Kipande kimoja kimekwisha kuingia majini, shemeji," akasema Kadzo. "Kimebaki hiki. Nacho chanuka moshi wa jikoni."

"Nipe hivyo hivyo."

Akakiinua kwa ncha mbili, akanyoosha mikono apate kukitoa vumbi.

"Usikikung'ute," nikamwambia.