Sayari Iliyopewa Jina la Anyesi

Mwalimu Gladness hana darubini, na asikudanganye mtu kwamba hukesha akitazama mbingu. Watoto wakishalala naye anakoroma. Sayari zake huzitafuta mchana, saa ya chai, ndani ya ofisi ya walimu ya sekondari moja huko Nzuguni, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Kazi yenyewe ni ya kujitolea. Wanasayansi wa mbali wana nyota nyingi kuliko macho ya kuzitazama, basi nuru ya kila nyota huichora kwenye grafu na kumgawia yeyote mwenye simu na subira. Nuru ikipungua kidogo, ikarudi, kisha ikapungua tena kwa mpangilio uleule, huenda kuna sayari imepita mbele ya nyota, kama mdudu anavyopita mbele ya taa. Anayeona hivyo anaweka alama. Inayosakwa hasa ni ile isiyo karibu mno na jua lake maji yakachemka, wala mbali mno yakaganda, ili pengine kiumbe aweze kuishi. Mwalimu Zaidi wa jiografia, Mrangi wa Kondoa mwenye mdomo, hakumpa Gladness nafasi ya kupumua kwa utani. Kila akipita anamuuliza kama viwanja vya huko vimeshapimwa.

Mwaka jana Gladness akapata yake. Wenye mradi wakamwandikia kwamba inaelekea ni sayari, tena ya umbali mzuri, ila asubiri waihakiki. Kusubiri! Jumapili ya shukrani alikwenda kwao Hombolo, akasimama mbele ya kanisa na jogoo mkononi, akamshukuru Mungu kwa sayari. Hapo ndipo alipoharibu. Aliambiwa "huenda", naye alilisikia vizuri neno hilo, lakini nani amewahi kumpelekea Mungu jogoo wa huenda?

Baada ya ibada ukafuata mnada wa sadaka. Baba yake, Mzee Matonya, alimng'ang'ania yule jogoo mpaka akawa anapandisha bei aliyoitaja mwenyewe, watu wanacheka. Alipompata, akaomba kipaza sauti. Kwao jina la marehemu hulirithi mtoto anayezaliwa, na jina la Anyesi, marehemu mkewe, lilikuwa limekaa miaka bila wa kulibeba, maana wajukuu wote walizaliwa wavulana. Mzee akatangaza kwamba sayari ya binti yake itaitwa Anyesi. Vigelegele vikapigwa. Gladness akalia pale mbele, wala hakuthubutu kusema kwamba bado inahakikiwa.

Majibu yalikuja mvua zilipokatika. Hakuna sayari. Ni nyota mbili zinazungukana, kila moja ikiziba nuru ya mwenzake: nuru inapungua sana, halafu kidogo, halafu sana tena. Gladness alijua kabisa kwamba hilo ndilo la kuangalia kwanza. Furaha ilimpofusha tu. Aibu ya ofisini aliimeza, na Zaidi alipomwona uso wake aliacha utani, akamletea chai na maandazi.

Lakini baba! Mzee alikuwa hasalimiani na mtu bila kumpa habari za Anyesi wa juu. Gladness atamwambiaje kwamba mkewe amekufa mara ya pili?

Jumamosi akajikaza, akaenda. Alimkuta shambani anapogoa mizabibu. Shikamoo, marahaba, kisha akamweleza yote bila kuzunguka, akamwomba radhi kwa kukimbilia kanisani kabla ya wakati. Mzee aliendelea kukata matawi. Gladness alitamani hata agombezwe.

"Kwa hiyo pale hapana kitu?" hatimaye mzee akauliza.

"Zipo nyota mbili, baba. Sayari ndiyo haipo."

"Mbili." Mkasi ukatulia. "Na haziachani?"

"Haziachani. Zinazungukana miaka yote."

Mzee Matonya akavua kofia, akajifutia nayo uso.

"Basi liache jina lake palepale, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa naona vibaya, kumpeleka huko peke yake."