Mashine Tatu za Sepuka

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Singida, Fundi Mkuu hakunipa koleo wala mkanda wa kupandia nguzo. Alinisimamisha mbele ya transfoma iliyokuwa imeshushwa uani, akaniambia nisome kibao chake. Nikasoma: kVA hamsini. Akaniuliza kama itabeba mashine za kilowati hamsini, nikajibu itabeba.

"Umeshaiunguza, binti yangu," akasema, akaenda kunywa chai.

Aliporudi alinifafanulia. kVA ni mzigo wote unaopita ndani ya transfoma. Kilowati ni sehemu ile tu inayofanya kazi. Mota ya mashine ya kukamua alizeti huvuta pia umeme wa kutengeneza sumaku yake, ambao haukamui hata tone la mafuta, lakini nao unapita na kuleta joto. Kwa hiyo kwenye hamsini yeye alihesabu mashine za kilowati arobaini, na bado alikunja uso, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta mara tano au sita ya kawaida yake. Tangu hapo sijawahi kuitazama transfoma kwa amani.

Nilifanya kazi Mkiwa, kisha nikahamishiwa Ikungi, chini ya Msimamizi mmoja mpole aliyeniachia vijiji. Sepuka ndiyo iliyoninyima usingizi. Transfoma yake ilikuwa ya hamsini, ikilisha zahanati, nyumba, na mashine tatu za kukamua alizeti. Zikiwashwa moja baada ya nyingine, ilizibeba. Ila wenye mashine walikuwa na tabia yao: umeme ukikatika, waliacha swichi zimewashwa na kwenda zao mnadani, ili mashine yenyewe iwaite kwa mlio umeme ukirudi.

Siku ya mnada, ndege alitua vibaya kwenye nyaya, fyuzi zikakatika. Nilifika nikiwa na seti moja tu ya fyuzi, na Ikungi hapakuwa na transfoma ya akiba. Kabla sijaweka ngazi, Hamisi, mwenye mashine ya karibu na barabara, alinijia mbio kutoka zahanati. Binti yake mchanga alikuwa kwenye mashine ya oksijeni ilipozimika. Muuguzi alikuwa amemhamishia kwenye mtungi, nao ulikuwa unakaribia kwisha.

"Rudisha, dada. Nakuomba, rudisha sasa hivi."

Nilitaka kurudisha, Mungu anajua. Nikamuuliza, "Mashine yako umeizima?"

Akageuka kutazama upande wa mashine yake. Nikamweleza kwamba zote tatu zikianza kwa pamoja, fyuzi zitakatika tena, pengine na transfoma yenyewe, na mtoto hatapata umeme leo wala wiki hii. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeshika pumzi ya mwanawe. Kisha akakimbia, akazima yake, akaenda kwa wenzake. Mmoja alikuwa amefunga kwa kufuli, Hamisi akavunja mlango. Mimi nilibaki chini ya nguzo na fimbo yangu ya kufungia fyuzi, nikiogopa kila sauti iliyotoka upande wa zahanati.

Alipopunga mkono, nilifunga fyuzi. Transfoma ikanguruma kidogo, ikatulia. Muuguzi akatokea mlangoni, akaitikia kwa kichwa, nami nikakaa chini kwenye vumbi nikalia.

Jioni ile wenye mashine walikubaliana: umeme ukikatika, kila mtu azime, na asiwashe mpaka asikie ya jirani imetulia.

Nimestaafu, nimejenga hapa hapa Sepuka. Transfoma imebadilishwa, ni kubwa zaidi, lakini wachomeleaji wamekuja, na majokofu, na pampu. Kibao hakiongezeki kwa sababu watu wameongezeka. Mashine ya Hamisi sasa inaendeshwa na binti yake, yule yule. Umeme ukikatika, yeye hupita kwenye uzio wangu.

"Shikamoo, Mama Fundi. Tumezima."

Namwitikia marahaba, lakini siingii ndani mpaka umeme urudi na nisikie mashine ya tatu imetulia.