Rakaa Mbili za Mzee Sugow

Mzee Sugow aliendesha lori kati ya Mombasa na Kampala miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumwonyesha njia. Basi fikiria alivyofedheheka mwaka 2018, alipopotea mara mbili akitoka msikitini kurudi kwake Saltley, huko ughaibuni alikohamia, mitaa miwili tu! Binti yake Luul akakata shauri: baba aiache ile nyumba, ahamie kwake Newtown.

"Nikipotea tena mara moja, nitafunga virago mwenyewe," mzee akasema.

Oktoba ile baba na binti wakaalikwa safari ya wazee, kwa mashua ya mferejini. Nahodha alikuwa Darshana, Mhindi wa Kisumu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu na chako.

Wakatoka Digbeth, mjini humohumo, saa tatu asubuhi. Loo, mambo gani haya! Darshana anasukuma mkono wa usukani kushoto, mashua inakwenda kulia. Wakaingia kwenye kizimba cha kushushia mashua, malango yakafungwa mbele na nyuma, maji yakashuka nao hadi kuta zikapita vichwa vyao. Mzee akashika tasbihi. Wakatoka, wakakwama: majani yaliyopukutika yamejisokota kwenye panga la injini. Wakachomoka, kizimba kingine. Jua lilikuwa mbele, sasa liko nyuma. Kichwa kikamzunguka, hofu ikamwingia kwelikweli: ni mfereji huu, au ni yeye?

Saa saba Darshana akafunga mashua ukingoni ili watu wale. Mzee akapiga hesabu ya kidereva. Mwendo wa masaa manne! Kwa lori kutoka Mombasa angekaribia Mtito Andei. Basi yeye ni msafiri. Akatandika mswala, akapunguza Adhuhuri, rakaa mbili badala ya nne, kama alivyozoea njiani.

Alipogeuza uso kutoa salamu akaona ukuta wa matofali, na juu yake kamba ya nguo. Kwenye kamba, kikoi cha kijani chenye tundu la pasi.

Luul alikijua. Ndiye aliyekiunguza. Akamtazama baba yake.

Mzee akakunja uso. Akasimama tena, akaswali nne, bila haraka yoyote.

"Aabo," Luul akamwambia baba yake, "umesahau kwamba umeshaswali?"

"Sikusahau. Anayepunguza ni msafiri. Mimi niko nyumbani. Kile si kikoi changu?"

Luul akaangua kilio, hakujificha.

"Haya, wacha kulia. Nionyeshe pa kuingilia."

Luul akautazama ukuta huku na huku. Miaka yote hiyo hakuwahi kuiona nyumba kwa nyuma.

"Wallahi, Aabo, hata mimi sijui."