Siku Niliyojitangaza Malkia wa Kushi

Nisiwafiche, niliyataka mwenyewe. Dada Tunu, mchoraji wa hapa Kilosa, aliniomba nikae mbele yake siku tatu achore malkia wa Kushi, ufalme wa kale kule Sudani. Mimi, muuza vitumbua! Nikajipaka mafuta usoni mpaka nikang'aa, wala sikujiuliza kwa nini alinikalisha juu ya meza, yeye akakaa chini sakafuni. Nikatangaza kwetu Kimamba nzima kwamba sura yangu itatundikwa ukutani.

Siku ya maonyesho nilifika na mama mkwe na wanawake wenzangu wanane, wote kwenye sare ya kitenge. Picha ilipofunuliwa, uso haukuwepo. Kulikuwa na kichuguu kirefu chekundu chenye taji la miiba ya mkonge, kimebebwa na miguu miwili pekupeku.

"Malkia huyu aliibeba nchi yake akitembea," Tunu alieleza.

Picha ilikuwa nzuri kuliko sura yoyote ya mtu. Nikaomba moyoni asiulize mtu mimi niko wapi.

Mama mkwe akavaa miwani, akainama, kisha akasema ukumbi mzima ukasikia: "Mkwe wangu, hizi nyufa za visigino si zako?"